Jamaa Alipeleka Transmita Mogitu, Mzee Akafungua Kituo Chake cha Redio

Kuna jamaa ana kibanda Kariakoo, anauza vikorokoro vya simu na vya gari. Chaja, kava, flashi, waya za kila aina, na zile transmita za kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara. Ukimkuta kazini utaenjoi. Mteja anakuja na malalamiko: gari lake jipya (jipya maana yake limeshatumika Japani miaka kumi na mbili) halipigi muziki wa simu. Redio imejaa maandishi ya Kijapani, haina Bluetooth, haina tundu la AUX, na kila ukiwasha inadai kadi ya ramani ambayo imebaki huko huko kwao. Jamaa anacheka tu. Tatizo hilo ndilo linalomlipia kodi ya chumba Mbagala.

Kama una IST au Noah unalijua hili, ila wengi hawajui kwa nini. Redio za FM za magari ya Japani zilitengenezwa kushika kuanzia 76 hadi 90. Huku Bongo masafa ya FM yanaanzia 87.5 mpaka 108, na transmita nayo inarusha humo humo. Kwa hiyo transmita na redio ya gari vinakutana kwenye kichochoro kimoja tu, kati ya 87.5 na 90. Na kwa Dar kichochoro hicho kina wenyewe: Clouds wapo 88.5, Wasafi wapo 88.9. Unaweka ngoma yako vizuri, ukisogea kidogo mtangazaji anakuingilia katikati ya kiitikio anakutajia matokeo ya mechi. Ndiyo maana jamaa huwa anawauzia watu na kile kidude cha kuchomeka kwenye waya wa antena, kinachoshusha masafa ili redio ya Kijapani isome stesheni za juu. Anakifunga mwenyewe, dakika ishirini, ukitoka hapo unapiga honi ya furaha.

Fundi wa aina hiyo ungedhani gari lake lina muziki wa kufa mtu. Hana gari. Desemba alikodi Noah ya mshikaji wake ili ampeleke mchumba wake kwao Mogitu, Hanang, akatambulishwe. Na hiyo Noah ndiyo ile ile: Kijapani kitupu, haina kidude cha antena, haina chochote. Mganga hajigangi.

Safari yenyewe haina stori sana. Dar, Moro, Dodoma walilala, asubuhi Singida, halafu ile lami ya kwenda Katesh. Mchumba ni binti wa Tanga, joto la bahari limemkaa mwilini, na walipoanza kuuona mlima Hanang umejifunika wingu akauliza kama kuna mtu amewasha kiyoyozi. Mlima ule una mita zaidi ya 3,400, ukivuta pumzi wote mnajua. Alitoa kanga mbili akajifunga, jamaa akamwambia huku watu wanavaa koti mwezi wa kumi na mbili na hawaoni ajabu.

Muziki kwa njia nzima ulikuwa wa kubahatisha. Transmita ilikuwemo, simu imeunganishwa, lakini kila mji una stesheni yake, kila saa moja jamaa anatafuta sehemu iliyo wazi kama mtu anayetafuta maegesho Posta. Walivyoingia Mogitu akajaribu 87.9. Kimya. Ile shhh tu. Akaweka wimbo, ukatoka safi, besi inapiga mpaka vioo vinatetemeka. Mchumba akapiga makofi. Jamaa hakuchangamka. Akapunguza sauti mpaka chini kabisa, kwa sababu walikuwa wanakaribia nyumbani na nyumbani hapakuwa na amani.

Habari ni hii. Mama yake alifariki mwezi wa tatu mwaka huo. Jamaa hakwenda kuzika. Mzigo wake ulikuwa umekwama bandarini, ana mkopo, watu wa mkopo wanapiga simu asubuhi na jioni. Alituma laki tatu kwa simu na ujumbe mrefu. Mzee alijibu neno moja: "Imefika." Tangu siku hiyo kila jamaa akipiga, mzee anapokea, anasema mvua zipo, ng'ombe wapo, sawa, halafu anakata. Hakuna tusi, hakuna lawama. Yaani bora angetukana.

Wapo watakaosema hapa kwamba mtoto asiyezika mama yake hastahili hata kufunguliwa geti. Wapo ambao wameshawahi kuwa na mzigo bandarini. Wabishane wenyewe.

Mapokezi yalikuwa ya heshima. Mchumba alipiga goti, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu, karibu, pole na safari." Shangazi, dada yake mzee, ndiye anayekaa pale siku hizi anampikia kaka yake, alimkumbatia binti wa watu mpaka kanga ikadondoka. Kwa jamaa mzee alitoa mkono. "Umefika." "Nimefika baba, shikamoo." "Marahaba." Basi. Wakala, wakalala.

Kesho yake mzee akasema anataka kwenda Katesh kununua dawa ya kuogesha mifugo, na kwa kuwa gari lipo, apelekwe. Alikaa mbele, na koti lake kubwa na fimbo kati ya magoti. Mchumba nyuma. Kilomita za kwanza hakuna aliyeongea. Redio inanong'ona bongo fleva kwa mbali. Mzee akaitazama ile transmita inavyowaka namba za bluu, akauliza bila kumtazama mwanae:

"Hicho ndicho kinaimba?"

"Hapana baba. Inayoimba ni simu. Hiki kinaipeleka kwenye redio."

"Simu yoyote?"

"Yoyote."

Mzee akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kitochi. Kile kidogo, kibodi imefutika namba, nyuma kimefungwa mpira wa baiskeli ili betri isichomoke. Akakiweka juu ya dashibodi.

"Kuna maneno ya mama yako humo. Ni yako. Yasikie."

Jamaa akapaki pembeni. Sio kwa sababu ya usalama barabarani.

Ilivyokuwa ni hivi, na mzee aliieleza kwa sentensi chache sana: mwezi wa pili mama alikuwa ameshazidiwa, akamwita binti wa jirani anayesoma sekondari, akamwambia ambonyezee simu irekodi, anataka kumwambia mwanae jambo. Walidhani likishaingia kwenye simu litaenda lenyewe Dar. Halikwenda. Kitochi hakina WhatsApp. Likabaki pale miezi kumi.

Sasa hapa ndipo ujuzi wa Kariakoo ulipotakiwa, na hapa ndipo jamaa nusura aharibu kila kitu.

Kitochi hakina Bluetooth, kwa hiyo njia hiyo imekufa. Akawaza kadi. Transmita yake ina kitundu cha kadi, weka, piga, imeisha. Akachomoa memori kadi akaichomeka. Transmita ikaonyesha sifuri. Hakuna wimbo hata mmoja. Ukweli ni kwamba vile vitochi vingi vinarekodi sauti katika mfumo unaoitwa AMR, ambao ulitengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu: faili dogo sana, sauti nyembamba, inatosha kuelewa mtu anasema nini. Transmita na redio nyingi za gari zinajua MP3 na ndugu zake wachache. Zikikutana na AMR haziiti hata fundi, zinasema humu hamna kitu.

Jamaa anajua hilo vizuri, anawaeleza wateja kila siku. Lakini mikono ilishaanza kutetemeka. Akaichomoa kadi akaiweka kwenye simujanja yake aifungulie huko. Simu ikafikiri. Ikafikiri tena. Halafu ikaleta ule ujumbe: kadi ina hitilafu, je, unataka kuifomati? Na kwa mazoea ya miaka minne ya kufomati kadi za wateja, kidole chake gumba kilikuwa kimeshafika njiani.

Mchumba alimshika mkono kutoka nyuma. Alimshika haswa, kucha ziliacha alama. "Ukibonyeza hapo," alisema, "mimi narudi Tanga kwa miguu."

Mzee aliuliza kuna nini. Hakuna aliyemjibu.

Kwa wasiojua: kufomati ni kuifanya kadi ijisahau. Kuna mafundi wenye programu za kurudisha vilivyofutwa, wakati mwingine wanapata, wakati mwingine unapata nusu ya picha na sauti inayokwama. Sio kitu cha kujaribia kwenye sauti pekee ya marehemu iliyobaki duniani, pembeni ya barabara, na baba yako amekaa hapo na fimbo.

Akaichomoa taratibu, akairudisha kwenye kitochi, akakiwasha. Ile dakika ya kusubiri kitochi kiwake ilikuwa ndefu kuliko safari ya kutoka Dodoma. Faili lilikuwepo. Dakika kumi na moja na sekunde kadhaa.

Basi ikabaki njia ya kizamani, ambayo ingefaa iwe ya kwanza. Kitochi kina tundu la hedifoni. Transmita ina tundu la AUX ubavuni, lile ambalo wateja wengi hawalioni mpaka waonyeshwe. Ukiviunganisha kwa waya wenye ncha mbili zinazofanana, haijalishi faili ni AMR au ni nini, kwa sababu kinachopita kwenye waya ni sauti yenyewe, imeshafunguliwa na simu. Simu ikiweza kuicheza, gari litaisikia. Teknolojia ya bibi, lakini haichagui.

Waya huo jamaa ameuza maelfu. Kwenye gari hakuwa nao hata mmoja.

Wakaendelea mpaka walipokuta kijiwe cha bodaboda. Dogo mmoja alikuwa amejaza spika mbili kwenye pikipiki yake, singeli inalia mpaka mbuzi wanapisha, na waya ndio ule ule. Jamaa akamwomba aununue. Dogo akakataa, siku bila muziki abiria wanakimbilia kwa wenzake. Jamaa akapandisha mpaka elfu kumi kwa waya ambao kwa jumla anaununua chini ya elfu moja. Dogo akaanza kushtuka, akahisi kuna kitu. Mzee akashusha kioo, akaongea naye Kiiraqw, maneno machache tu. Dogo akachomoa waya akampa kwa mikono miwili, hakutaka hela. Akasema wakimaliza wamrudishie.

Kitochi, waya, transmita, 87.9. Sauti ya kitochi wakaiweka robo tatu, maana ukiipandisha mpaka mwisho inapasuka kabla haijafika kwenye redio. Mzee ndiye aliyebonyeza.

Kwanza ulisikika upepo. Halafu kuku. Halafu sauti ya mwanamke, karibu sana na maiki, inamuuliza mtu: "Imeanza? Imeshaanza?" Na sauti ya binti mdogo: "Imeanza mama, ongea."

Spika za Noah ziko nne. Simu ukiiweka sikioni sauti inakuwa ya mtu aliye mbali. Kwenye gari alikuwa kila mahali, nyuma ya viti, milangoni, chini ya miguu. Mchumba haelewi Kiiraqw hata salamu, lakini aliacha kupumua.

Mama hakusema mambo makubwa. Dakika tatu za mwanzo ni habari za paa linalovuja upande wa jikoni na kwamba fundi waliyempa hela ni mwongo. Akahamia kwa ng'ombe mmoja mwekundu. Akasema mahindi ya mwaka huu ni mazuri lakini usimwambie mtu bei. Akakohoa sana, binti akamwuliza aache, akakataa. Halafu akasema kile alichokusudia. Alisema anajua hali yake. Alisema asije na basi la usiku, madereva wanasinzia. Alisema kama itatokea, duka asilifunge, kwa sababu likifungwa watu wa mkopo watalichukua, na yeye atakuwa ameshazikwa hata hivyo, hatamwona ameingia au hajaingia. Aje akipata nafasi. Aje na mtu, asije peke yake. Na aje na redio ndogo, kwa maana ya nyumbani inapiga kelele. Mwisho akaanza kumwita wifi yake, afunge kuku, jioni imefika, na ikaishia hapo katikati ya jina.

Jamaa alilia kama watoto wanavyolia, na kamasi. Mchumba akawa anasubiri atafsiriwe, halafu akaona sio wakati wake, akaweka mkono begani kwake akatulia.

Baadaye sana jamaa akauliza: "Baba, ulikuwa unajua amesema hivyo?"

"Nimeisikia mara nyingi."

"Sasa kwa nini..."

"Yeye alikusamehe kabla hujakosa," mzee alisema. "Mimi sijaulizwa." Akachukua kitochi chake akakirudisha kwenye koti. "Twende, duka la dawa litafungwa."

Kama ulitegemea wakumbatiane hapo pembeni ya barabara, pole. Wazee wa Hanang hawako hivyo, na sio wa Hanang tu. Walikwenda Katesh wakanunua dawa, wakanunua na chumvi, wakamrudishia dogo wa bodaboda waya wake baada ya jamaa kupata mwingine dukani kwa elfu mbili. Njia nzima ya kurudi mzee anauliza maswali. Kile kidude kinarusha mbali kiasi gani? Mita chache baba, hadi kumi hivi. Ni kama TBC? Ni kama TBC lakini mtoto. Kwa hiyo redio nyingine ikiwa karibu nayo inashika? Inashika, baba, ukiiweka 87.9.

Mzee akanyamaza. Jamaa angejua kinachokuja angechaji betri.

Jioni, gari limepaki karibu na ukuta wa nyumba, mzee akaomba iwashwe tena. Akaingia ndani, akachukua redio yake ya mkulima, ile yenye antena iliyokatika na kuungwa kwa waya, akazungusha kitufe mpaka akapata. Akaiweka dirishani, upande wa jikoni. Hakumwambia mtu yeyote.

Shangazi alikuwa anasonga ugali. Akasikia upepo, kuku, halafu wifi yake marehemu anauliza kama imeanza. Alitoka na mwiko mkononi, macho yametoka, akamkuta mchumba mlangoni, wakashikana. Hakuwa amewahi kuisikia. Kaka yake alikuwa anaisikiliza peke yake usiku, simu sikioni, ndani ya blanketi. Shangazi akasimama pale mpaka mwisho, ugali unaungua, hakuna aliyejali. Na sauti ilipofika pale inapomwita afunge kuku, yule mama akajibu kwa sauti, kwa Kiiraqw, akitazama redio:

"Nimeshafunga."

Majirani walianza kuja. Yule binti wa sekondari alikuja, akajisikia sauti yake mwenyewe akaficha uso. Wakairudia. Mzee amekaa kwenye kigoda chake pembeni ya redio kama mkurugenzi wa kituo, anawaambia watu wasogee wasizibe antena. TCRA kama mnapita hapa, ilikuwa mita kumi tu.

Noah ililala na ufunguo kwenye hatua ya kwanza, redio imewashwa, mlango wa pembeni haujafungwa vizuri na taa ya ndani inawaka. Asubuhi ikapigwa kiberiti, tik, tik, kimya. Vijana sita wakajitolea kuisukuma, jamaa akawazuia, gari la otomatiki hata ulisukume mpaka Babati haliwaki. Ikabidi asubiriwe mtu mwenye trekta, ambaye alikuja saa tano akiwa hana haraka yoyote, wakaunganisha betri kwa betri, likaunguruma. Siku ya ziada ya kukodi jamaa aliilipa mwenyewe, mshikaji wake hakuwa na huruma.

Ila kabla ya trekta kufika alikuwa na saa nne za kukaa na baba yake, na hakukuwa na pa kwenda. Alitumia muda huo kuinakili sauti. Alicheza kitochi kwenye chumba kilichofungwa, simujanja inarekodi pembeni, mara tatu, akazituma kwa dada yake Arusha, kwa mchumba, na kwake mwenyewe. Sauti imepungua ubora kidogo, lakini kadi yenyewe ikifa leo mama hafi tena. Mzee alimwangalia akifanya yote hayo. Akamwuliza kama transmita lazima iwe kwenye gari.

Jamaa akafikiri. Transmita inataka volti 12. Betri ya sola iliyokuwa inawasha taa tatu za nyumba ile ni volti 12. Alikuwa na tundu la sigara la akiba kwenye begi lake la kazi, lenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Alilifunga pale kwenye betri, akachomeka, namba za bluu zikawaka juu ya kabati, karibu na picha ya harusi.

Waliondoka mchana. Mchumba anasema wakati wa kuaga mzee alimshika jamaa mkono kwa muda kidogo kuliko siku ya kufika, jamaa anasema hakuhesabu. Sasa hivi mzee anapiga yeye simu, Jumapili jioni. Mara ya mwisho alipiga kulalamika: shangazi anataka kituo kiwe kinapiga na kwaya, sio maneno ya marehemu tu kila siku, na kitochi kimejaa, atumiwe kadi nyingine. Kubwa. Na waya mwingine, huu panya wameanza kuuangalia vibaya.